Komba wa Rondo unamjua kwa sikio: kwa nyie mnaokuja fildi Lindi na Mtwara

Wadogo zangu mnaokuja fildi huku kusini, wa misitu na wa wanyamapori, iwe umetoka chuo cha SUA, Mweka, Olmotonyi au popote, hii naiandika kwa ajili yenu. Kila mwaka tunapokea vijana wapya, maswali ni yaleyale na makosa ni yaleyale, mengine niliyafanya mwenyewe na yaliniuma, kwahiyo sioni sababu mtu mwingine ayarudie wakati kuna mtu anaweza kumwambia mapema. Kazi yangu ni kuhesabu wanyama wa misitu ya huku, mchana nasaidia kwenye mbega na kima, usiku nafanya komba, na hiyo ya usiku ndo ninayoipenda na ndo ninayoijua.

Wengi mnafika mna hamu ya mbega, na siwalaumu. Mbega mweusi mwenye mashungi meupe mabegani ni mnyama wa kupendeza, unamuona mchana kweupe, amekaa juu anatafuna majani, unapiga picha unamtumia mama nyumbani. Komba wa Rondo hana hayo kabisa. Ana gramu 60 hivi, yaani shika yai moja la kuku wa kisasa kiganjani ndo uzito wake huo, anahesabiwa kuwa mdogo kuliko komba wote, anatoka usiku tu, anapenda kukaa chini chini kwenye vijiti vyembamba vilivyosimama wima, anashika kijiti kimoja anarukia kingine, ukimmulika anakuangalia sekunde moja hayupo. Mkia wake ni kama ile brashi ya kuoshea chupa, manyoya yamesimama pande zote. Anakula wadudu na matunda. Kwa usahihi huyu si nyani wala tumbili, ni komba, ila wote wako kwenye ukoo mmoja mkubwa pamoja na sisi watu, na kwa maoni yangu katika ukoo huo wote hakuna mnyama ambaye Lindi inaweza kusema ni wetu kama huyu. Jina lenyewe ni la Rondo, uwanda wetu wa juu hapa Lindi.

Hebu niwaeleze alivyojulikana, mana hapo ndo somo lote lilipo. Miaka ya 1950 walipatikana komba wachache wadogo, Rondo na kule uwanda wa Makonde upande wa Newala. Ngozi zikapelekwa makumbusho, watu wakaziangalia, wakaona ni komba mdogo, wakampa jina la komba mwingine wa misitu ya magharibi na kati ya Afrika, basi ikaishia hapo. Akakaa kwenye droo kwa jina la mtu mwingine miaka arobaini. Mpaka miaka ya 1990 watafiti akina Paul Honess na Simon Bearder walipokuja kukaa msituni usiku na kurekodi sauti, ndo ikaonekana huyu mlio wake haufanani na wa komba yeyote, na mwaka 1997 akapata jina lake mwenyewe la kisayansi, na mwaka 2017 yeye na ndugu zake wa upande huu wa mashariki wakatengwa wakapewa jenasi yao, yaani kundi lao la kisayansi, Paragalago. Ngozi ilikuwepo muda wote, macho ya wataalamu yaliipitia, na hawakumjua. Sauti ndo ilimtambulisha.

Kwahiyo mtu anaponiuliza "kaka nimjueje nikimuona", namwambia swali lako limekaa vibaya, uliza utamjuaje ukimsikia.

Sasa usiku wa misitu yetu una komba zaidi ya mmoja. Kuna yule mkubwa anayejulikana na kila mtu, anayeshuka mpaka kwenye minazi na mikorosho, huyo ndo watu wanasema fulani kalewa kama komba kwa sababu ya kuvizia tembo la mgema, mlio wake ni mkubwa unaanza kwa nguvu afu unaporomoka unafifia, wageni wengine wakiusikia mara ya kwanza wanadhani mtoto analia porini. Kuna komba wa Grant, mdogo wa wastani, huyu ndo atakusumbua sana, wako wengi na wako kila mahali. Na kuna wa kwetu wa Rondo. Grant mlio wake unapanda ngazi, anaanza kimoja kimoja, baadae viwili kwa pamoja, vitatu, vinne, anaongeza anaongeza. Wa Rondo yeye anakwenda jozi jozi, mbili, mbili, mbili, mbili, zinafuatana kama kitu kinabingirika, sauti nyembamba ambayo ukiwa unaongea na mwenzio imekupita.

Mi sikufundishwa hii na kitabu. Nilifundishwa na mzee mmoja Mmwera ambaye wote tulikua tunamuita mjomba, na ukishakaa huku utajua mjomba sio neno la kutupa, kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao mjomba ndo mwenye sauti kwenye ukoo, akikuita mpwa wangu ujue umepokelewa. Mjomba alikua hajui jipiesi wala hajui jenasi ni nini ila alikua amelala kwenye msitu ule tangu ujana wake, alianza na kazi ya kukata magogo ya mvule, akaja kuwa mlinzi wa msitu. Usiku wangu wa pili kule msitu wa Litipo, upande wa Rutamba, mi nimewasha taa ya kichwani nazungusha huku na huku kama mnara wa meli, akaniambia kwa upole, "Mpwa wangu, zima hiyo, ukae."

Tukakaa. Ilikua kama saa moja usiku, giza la msituni linaingia mapema kuliko la barabarani. Nyenje wanapiga kelele mpaka masikio yanaziba, vyura upande wa ziwa, sisikii chochote zaidi ya hapo. Mjomba akaweka vidole viwili begani kwangu. Akawa anagonga. Taratibu, mbili, anaacha kidogo, mbili, anaacha, mbili, mbili. Nikawa sielewi anafanya nini, nikadhani labda ananiashiria kitu, mpaka nikatulia kabisa nikagundua anagonga kufuatana na kitu fulani kilichopo nyuma ya zile nyenje, na mara nikakisikia, kimekuwepo muda wote. Baadae upande mwingine akalia Grant, mjomba akabadilisha, kidole kimoja, kimoja, afu viwili, afu vitatu, mpaka vidole vyote vinne vikawa vinashuka begani. Tulikaa vile masaa mawili bila kuongea. Mpaka leo nikiwa na kijana mpya namgongea begani hivyohivyo, sijaona njia nyingine inayofundisha haraka zaidi.

Ushauri wangu wa kwanza basi ni huo, usiku wako wa kwanza usiende na fomu. Nenda ukae. Fika sehemu yako kabla jua halijazama, saa kumi na mbili hivi, tafuta gogo au mzizi, pulizia dawa ya mbu ukiwa bado mbali ili harufu ipungue, zima simu sio kuweka mtetemo, zima, afu kaa mpaka saa mbili na nusu. Komba wanalia sana pale wanapoamka jioni na pale wanaporudi kulala alfajiri, katikati huwa wanapooza, kwahiyo kama umechoka bora ulale katikati uamke saa kumi usiku kuliko kuzunguka usiku kucha unavunja vijiti unawafukuza. Fanya hivyo siku tatu. Msimamizi wako akilalamika kwamba siku tatu zimepita hujaleta data mwambie unajifunza sikio, kama anaijua kazi atakuelewa.

Sasa kosa langu, nalisema wazi. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa njia za kutembea usiku kwenye msitu mmoja wa huku, nimeshamsikia mjomba, najiona nimeiva, natembea mwenyewe na msaidizi mwingine kijana. Taa ikigonga macho, mekundu-chungwa yanang'aa, kimnyama kidogo kiko chini kwenye kichaka, mi naandika komba wa Rondo. Kwa nini? Kwa sababu kilikua kidogo, na kwa sababu nilikua nataka sana awe yeye. Nilijaza mara kumi na moja. Nikarudi kambini nimejaa furaha, msimamizi akaniuliza swali moja tu, "Ngapi kati ya hizi zililia?" Nikaangalia rekoda, nikaangalia fomu, mbili. Mbili tu ndo nilikua na sauti. Tisa zilizobaki zingeweza kua Grant mtoto, zingeweza kua Grant mkubwa aliyekaa mbali kidogo nikamuona mdogo, usiku umbali unadanganya sana, kitu kilichoko mita kumi na tano ukiamini kiko mita nane tayari umekikosea ukubwa. Zile tisa zilifutwa zikaandikwa "komba mdogo, hajatambuliwa". Wiki mbili za kazi, mafuta ya pikipiki, posho ya msaidizi, na kibaya zaidi ni kwamba kama asingeuliza zile namba zingeingia kwenye ripoti, mtu angesema msitu ule una komba wa Rondo wengi tu hawana shida, na pengine uamuzi ungefanyika kwa namba zangu za kutamani.

Na huyu mnyama hana nafasi ya kubeba makosa yetu. Misitu yote anayojulikana kuishi ukiijumlisha inakuja takriban kilomita za mraba 100 tu, na imekatika vipande vipande, huku kwetu ni Rondo, Litipo, Ziwani kwa upande wa Mtwara na vingine vichache, afu unaruka mamia ya kilomita mpaka karibu na Dar, Pugu na Kazimzumbwi, Pande, na Zaraninge kule Saadani. Katikati hapo komba wa kipande kimoja hawezi kumfikia wa kipande kingine, hawezi kuvuka shamba la ufuta la ekari ishirini, mnyama wa kurukia vijiti atarukia nini. Amewahi kuwekwa kwenye orodha ya dunia ya jamii 25 za nyani na ndugu zao zilizo hatarini zaidi. Kwahiyo ukiandika yupo wakati hayupo umemdhuru, na ukiandika hayupo kwa sababu ulipita unaongea na simu umemdhuru pia.

Andika ulichosikia. Kama hujasikia andika komba, weka alama ya kuuliza, songa mbele. Hakuna atakayekudharau kwa alama ya kuuliza.

Kuhusu vifaa sitakaa sana. Taa ya kichwani iwe na mwanga mwekundu, kama haina funga nailoni nyekundu mbele yake na mpira wa manati, mwanga mweupe unawatia kiwi na wakishapata kiwi hawakuoneshi tabia yoyote ya kweli. Rekoda bora kuliko simu, lakini simu ni bora kuliko kutokua na chochote, na ukitumia simu iweke kwenye hali ya ndege mana kuna kijana alirekodi mlio mzuri sana na katikati yake ikaingia meseji ya vocha. Ukianza kurekodi sema kwanza tarehe, saa na mahali kwa sauti ya chini afu nyamaza, usitegemee kukumbuka. Siku inayofuata ifungue kwenye laptopu kwa programu ya kuchora sauti, zipo za bure, utaona jozi za wa Rondo zimesimama mbilimbili kama alama za miguu, na ngazi ya Grant inavyopanda, macho yanathibitisha kile sikio lilisema. Gambuti usiache, kifutu anajilaza njiani hahami. Na jifunze upupu kwa sura kabla hujajifunza komba, zile ganda zenye manyoya ya dhahabu zinazoning'inia, ukipita chini yake usiku umeshika kila kitu kwa mikono utawashwa mpaka utavua nguo mbele za watu.

Jambo la vijiji ndo linaharibu fildi nyingi kuliko nyoka. Una vibali vyako vya COSTECH (tume ya sayansi) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), una barua ya TFS (wakala wa misitu), umeviweka kwenye faili la plastiki unajiona umekamilika, afu unaingia msituni saa moja usiku na taa mbili bila kupita kijijini. Fikiria upande wa pili. Mtu wa kijiji anaona mwanga porini usiku. Anaemulika usiku huku ni mtu wa magogo, au mwindaji, au mwizi wa korosho kama ni msimu. Watu watakuja na mapanga na wana haki. Kwahiyo mchana nenda kwa mtendaji, saini kitabu cha wageni, omba akupeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kama kuna kamati ya mazingira ya kijiji nenda nao, vijiji kadhaa vya Lindi vina kamati zilizofundishwa vizuri tangu miradi ya mashirika ya uhifadhi wa misitu, TFCG na MJUMITA, hao wanaujua msitu na wanajua nani anaingia nani anatoka. Salamu usifupishe. Ukifika kwa mzee shikamoo, kaa ulipooneshwa, ukiletewa muhogo na chai kula, haraka yako ya data itasubiri. Na kama umefika msimu wa jando na unyago, mwezi wa sita mpaka wa nane huko, kuna sehemu za porini utaambiwa usipite, usiulize kwanini wala usijifanye una barua, badilisha njia yako uandike kwenye fomu kwamba njia imehamishwa, basi.

Na waulize watu wanachojua, uliza kabla hujawaeleza unachojua wewe. Mmesikia habari za kipunji? Yule nyani wa Rungwe na Ndundulu kule Udzungwa ambaye dunia ya sayansi ilimtangaza mwaka 2005 na watu wakashangaa kwamba Afrika bado ina nyani asiyejulikana. Asiyejulikana na nani? Wawindaji wa Kinyakyusa walikua na jina lake, kipunji, watafiti walilisikia kwao mwaka 2003 na wengine walidhani ni hadithi tu kwa sababu ni mnyama anaonekana kwa shida. Na yeye pia kilichowasaidia kumtenganisha na nyani wengine wanaomkaribia ni mlio wake, anabweka kwa namna yake. Kule Kongo nako lesula alitangazwa mwaka 2012, wakati watafiti walimuona mara ya kwanza amefungwa nyumbani kwa mtu kijijini, anafugwa, ana jina. Kwahiyo mama anayekwenda kuokota kuni Rondo akikwambia kuna komba wa aina tatu na mmoja "ni wa chini", usitabasamu, toa daftari.

Ila swali lisiwe na jibu ndani yake. Ukiuliza "mama, hapa kuna komba mdogo sana mwenye mkia kama brashi eeh?" atakujibu ndiyo baba wapo, kwa sababu ya adabu, mgeni hakataliwi. Uliza "usiku hapa mnasikia nini?" afu mwache aige mwenyewe. Watu wa huku wanaiga sauti vizuri mno, nimewahi kupata taarifa nzuri kutoka kwa mtoto wa darasa la nne kuliko kwa mtu aliyejaza dodoso kurasa tano. Hizo sauti za kuigwa pia rekodi, kwa ruhusa.

Kuna usiku mtakutana na watu wa magogo. Nalisema hili kwa uzito wote. Utasikia msumeno, au utaona moto mdogo na mbao zimepangwa, au tanuru la mkaa linatoa moshi. Wewe sio askari. Zima taa, rudi ulikotoka taratibu, usipige picha yenye mwanga, usiite, weka alama ya mahali kwenye jipiesi ukishafika mbali, kesho yake asubuhi toa taarifa kwa TFS na kijijini kwa mtendaji. Mwenzetu mmoja alijaribu kuwahoji, alikimbizwa akavunjika mkono, na tangu hapo ile njia hatujaifanya usiku. Na usije ukawachukia watu wa kijiji kizima kwa sababu hiyo. Ufuta ndo unaosomesha watoto wa huku, ufuta unataka shamba jipya, mkaa unauzwa mjini kwa watu kama mimi na wewe. Rondo yenyewe ilianza kukatwa mvule zamani za mkoloni, magogo makubwa yakashushwa, sehemu kubwa ikaja kupandwa misaji na misindano. Kilichobaki cha asili ndo hicho kimewekwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na komba yuko humo kwenye kilichobaki, kwenye zile sehemu zenye vijiti vingi chini. Ukipita kwenye misaji usiku utaona tofauti mwenyewe, chini kumesafishwa na moto, kimya.

Hili la moto nilikua silijui mwanzoni, nilikua naangalia miti mikubwa tu, mti mkubwa upo basi nasema msitu upo. Mjomba ndo alinionesha, alikaa chini akashika kijiti chembamba kama kidole akaniambia hii ndo barabara yake. Moto wa mwezi wa tisa unapita, miti mikubwa inabaki imesimama, picha ya setilaiti inasema msitu upo, na barabara zote zimeungua. Kwahiyo mnapojaza hali ya msitu jazeni na huko chini, hesabuni vijiti, pimeni unene, hata kama fomu haina hiyo sehemu andikeni nyuma ya karatasi.

Mengine madogo madogo. Msimu wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne, kupanda Rondo kwa boda ni kazi, ule udongo mwekundu unateleza na boda wengine watakataa, kama fildi yako inaangukia hapo panga siku za ziada na mwambie mapema anayelipa. Juu kule ni zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, alfajiri kuna ukungu na baridi, watu wanakuja na fulana moja kwa sababu wamesikia Lindi ni joto. Umeme wa kuchaji usiutegemee, njoo na powabenki mbili. Chandarua chako mwenyewe. Msaidizi wako mlipe kwa siku mliyokubaliana bila kuzungusha, hata kama hela ya mradi imechelewa kopa umlipe, yeye ana watoto na amekesha na wewe. Na jina lake liandike kwenye ripoti kama anataka liandikwe, sio "msaidizi wa kijijini", mtu mwenye sikio kama lile la mjomba ni mtaalamu.

Komba ukimkuta ameanguka au mtoto yuko peke yake usimbebe kwenda naye kambini, mama zao huwa wanawaacha kwenye kijiti wakienda kula na wanarudi kuwachukua. Viota vyao vya mchana ukiviona angalia kwa darubini ukiwa mbali, usipande, usitikise mti ili watoke uwahesabu, nimeona watu wanafanya hivyo mchana wakati kuna mwewe juu.

Mjomba sasa hivi masikio yamepungua, hatoki tena usiku. Mwaka jana nilimpelekea rekodi ya Ziwani kwenye simu, nikamuwekea hedifoni, nikakaa pembeni yake barazani. Alikua amefumba macho. Sikumwambia ni ya wapi wala ni ya nani. Baada ya muda kidogo vidole viwili vikaanza kugonga kwenye goti.

Wanaokuja mwezi wa saba tuwasiliane kabla kuhusu gambuti, saizi kubwa Lindi mjini zinasumbua kupatikana, mwenye mguu wa namba 44 kwenda juu anunue hukohuko anakotoka.